Handbreki ya IST iliyoganda: gereji ya Kigamboni isiyo na kibao, kazi safi ila jipange na muda

Kazi nzuri, bei ya kawaida, fundi mkweli, ila wanachelewa na risiti mpaka uwabane. Hiyo ndo riviu kwa wenye haraka. Wengine twende taratibu maana kwenye hii ishu ya handbreki kuganda watu wanapigwa hela sana hapa mjini na wengi mpaka wanalipa hawajui walikuwa wanalipia nini.

Gari ni Toyota IST ile toleo la kwanza, injini 1.3, ya shangazi yangu anakaa Kigamboni, Dar, karibu kabisa na bahari. Alienda Tanga kwenye msiba akaunganisha na mambo ya shamba huko huko, gari ikabaki uani imevutwa handbreki karibu masika yote. Waliokaa Kigamboni wanaelewa, kule chuma hakina maisha, geti unapaka rangi mwaka huu mwakani linamenyuka, sasa dramu ya breki (ile kama ndoo ya chuma inayozunguka na tairi la nyuma) ndani ni chuma kitupu hakijapakwa kitu chochote, imepigwa na mvua, upepo wa chumvi, na shuu (vile vyuma vya upinde vyenye kitambaa cha breki, vinavyoibana dramu kwa ndani) zimeing'ang'ania muda wote huo. Shangazi karudi kawasha, injini safi, kaachia handbreki, katia D, gari inajivuta mbele kidogo nyuma inachuchumaa haiendi popote. Akanipigia.

Kabla sijafika jirani alishamuita fundi wake. Huyo hakufungua hata tairi moja. Kavuta handbreki mara mbili, kaisikiliza, kasema shangazi hapa kebo (waya zinazovuta breki za nyuma ukivuta mkono) zimekufa zote mbili, laki na nusu pamoja na ufundi naleta leo leo. Af wakati anasubiri jibu akaingia ndani ya gari akawa anaikanyagia mafuta, D, R, D, R, mpaka tairi za mbele zinachimba uani. Sasa niseme ukweli, hiyo ya kusogeza mbele na nyuma kidogo kidogo ni mbinu halali kabisa, kama gari imelala usiku mmoja baada ya kuoshwa na shuu zimeshika kidogo tu inaachia na unasikia "tak" unaendelea na safari zako. Lakini iliyokaa wiki na wiki kwenye chumvi ukiilazimisha kwa mafuta unaweza kung'oa kitambaa cha breki kwenye shuu, au unaburuza tairi lililofunga mpaka linakuwa na kipara upande mmoja. Shangazi akamwambia mwanangu naomba ushuke, basi.

Hii gereji nilielekezwa na dereva wa bajaji. Haina kibao wala jina ukutani, ukifika upande wa Kibada ukiuliza gereji ya breki watakuonyesha, kuna mwarobaini mkubwa na matairi yamepangwa kama ukuta. Nilivyompigia fundi sikutegemea aniulize maswali ila aliniuliza: mkono wa handbreki ukiuvuta ni mgumu, ni mlaini au uko kawaida? Nikamwambia uko kawaida tu, unapanda unashuka. Akasema sawa, basi nakuja na nyundo sio na kebo. Nilidhani ni utani.

Mantiki yake aliieleza baadae na naiweka hapa maana ndo sababu kubwa ya mimi kuandika. Mkono ukiwa mlaini umelegea hauna kizuizi chochote, kebo imekatika au imechomoka. Ukiwa mgumu haupandi vizuri, au ukiushusha haurudi wenyewe, kebo imeshika kutu ndani ya ala yake, hii inatokea sana ile plastiki ya nje ikichanika maji yakaingia. Mkono ukiwa kawaida kabisa lakini tairi halizunguki, tatizo mara nyingi liko ndani ya dramu, aidha shuu zimegandana na dramu au kile kimkono kidogo kinachosukuma shuu hakirudi. Dakika moja tu hiyo, hujashika hata spana, na ushajua fundi wako anakudanganya au la.

Alisema saa tatu, kafika saa sita kasoro. Na bodaboda, begi la spana mgongoni, kijana wake nyuma kabeba jeki. Pole yenyewe aliitoa kwa shangazi, "shikamoo mama, samahani tumechelewa", shangazi akaitikia marahaba huku anaangalia saa ya ukutani kupitia dirishani. Kwenye muda mnaweza kuwakata nyota kabisa mi sitawatetea.

Ila alivyoanza kazi nilitulia. Kwanza mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele zote mbili, maana ukiinua nyuma na handbreki imeachiwa gari inashikiliwa na gia ya P peke yake na hiyo sio ya kuiamini mtu akiwa chini. Kalegeza nati za tairi kabla ya kuinua, kapiga jeki, kaweka stuli ya chuma chini, jeki ikabaki kama akiba. Tairi la kulia likazunguka kwa shida linakwaruza, la kushoto halizunguki hata kidogo, umelishika kama umeshika nguzo. Kisha kalala chini kamwambia kijana vuta handbreki, achia, vuta, achia. Af akaniita, "kiongozi njoo uone mwenyewe". Nikainama na simu yenye tochi. Pale kebo inapoingia nyuma ya bamba la breki (sahani ya chuma inayobeba shuu) unaiona kabisa waya inavutika, inarudi, inavutika, inarudi na ikirudi inalegea. Kushoto hivyo hivyo na kulia hivyo hivyo. "Kebo inaenda na inarudi, sasa nikuuzie kebo ya nini?"

Hapo nikaikumbuka ile laki na nusu.

Kutoa dramu ndo ilikuwa vita. Kwenye dramu za Toyota nyingi kuna matundu mawili madogo yenye uzi kati ya stadi (bolti zinazoshika tairi), wengi wanayaona hawajui ni ya nini. Unaingiza bolti mbili ndogo zile za kichwa cha spana namba 12, unakaza huku kidogo na huku kidogo, zinasukuma dramu itoke yenyewe. Hapa ikagoma. Fundi hakukaza kwa hasira, maana bolti ingekatikia ndani au dramu ingepasuka. Kapuliza mafuta ya kulegeza kutu pale katikati dramu inapokaa kwenye habu (kitovu cha tairi), akawa mwangalifu yasiingie kwenye shuu, kasema tunywe chai kwanza, shangazi akaleta chai na mihogo, hiyo mihogo haikuwa kwenye bili. Baadae akachomoa kiraba kidogo nyuma ya bamba, akaingiza bisibisi akawa anaizungusha ile nyota ya adjasta (kigurudumu cha meno kinachosogeza shuu) kuzirudisha shuu ndani, hiyo peke yake ilimla muda mrefu maana nayo ilikuwa na kutu. Kisha nyundo, sio ile ya kubomoa ukuta, anagonga kuzunguka kwenye uso wa dramu kati ya stadi na stadi, anakaza bolti robo, anagonga, anakaza robo. Mpaka ikalia "tak" moja kavu dramu ikaruka kidogo, vumbi jekundu likamwagika chini.

Sasa kilichotoka ndani. Dramu ilitoka na kitambaa cha breki kikiwa kimebaki kimenata kwenye ukuta wake wa ndani, na shuu ikabaki kule kwenye bamba ikiwa chuma kitupu, yaani vimeachana kabisa. Kutu ilikuwa imepita chini ya gundi ikanyanyua kitambaa chote. Fundi akakibandua kwa bisibisi kikatoka kizima, kipande kama ganda la mti, akanipa mkononi. Kwa nyuma kina alama za gundi na kutu ya rangi ya chungwa, upande mmoja bado kinene kabisa, kina maisha ya mwaka mzima huko. Nilimuuliza kama ni zile purukushani za fundi wa kwanza ndo zimekibandua akacheka tu, "mimi fundi mwenzangu simsemi". Na hapo ndo ujue kebo mpya za laki na nusu zingefungwa vizuri sana, na gari ingebaki pale pale.

Kitu kingine kilichonifurahisha ni vumbi. Gereji nyingi wakifungua dramu wanaleta kompresa wanapuliza, vumbi la breki linajaa hewani kila mtu anapumua. Huyu alimwagia maji ya sabuni kwa chupa yenye matundu kwenye kizibo, likatiririka kama tope kwenye beseni. Nikamuuliza akasema zile za zamani zilikuwa na asbesto na ukishaifungua huwezi kujua kwa macho ipi inayo na ipi haina, kwa hiyo yeye anazichukulia zote kuwa nayo. Asbesto ni habari ya mapafu na saratani, sio ya kuchezea. Kijana wake alikuwa na barakoa, yeye mwenyewe hana, lakini tuseme ameanza vizuri.

Akafungua na kulia ingawa lilikuwa linazunguka, kwa sababu shuu zinabadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, ukibadilisha upande mmoja gari linashika breki kwa kuvuta kushoto au kulia. Silinda ndogo za breki akabinua viraba vyake kwa kidole kuangalia kama zinavuja, zikawa kavu, akasema hizi ziache. Aliniambia "hizi ziache" mara nyingi siku hiyo na kila akisema nilikuwa napiga hesabu kimoyomoyo ya hela ambayo fundi mwingine angenichomoa.

Spea nikafuata mwenyewe, pantoni mpaka Magogoni, Kariakoo upande wa Gerezani. Fundi alinipigia picha shuu ya zamani pamoja na ile dramu ndani, na akasisitiza nibebe shuu moja mkononi maana IST, Vitz, Passo na ndugu zao zinafanana kwa macho, ukifika nyumbani ndo unakuta imezidi kidogo. Duka la kwanza walinipa seti ambayo kitambaa kina nyufa pembeni na gundi imemwagika hovyo, nikarudisha. La pili nikapata nzuri 45,000 shuu nne, na vispringi vipya na pini zake 10,000. Vispringi msidharau, springi ikichoka shuu hairudi vizuri na ndo mwanzo wa kukwaruza na kunuka kuungua.

Kufunga aliporudi (kesho yake, tena kachelewa, safari hii kidogo) kulikuwa na kazi moja ndogo ambayo mafundi wavivu wanairuka. Shuu mpya zinakuja bila ule mkono mdogo ambao kebo inaushika, unatakiwa uutoe kwenye shuu ya zamani uuhamishie kwenye mpya, unashikwa na kiklipu cha duara. Wa kushoto ulikuwa umeshika kutu kwenye pini yake, ukiusukuma unaenda ukiuachia haurudi. Yaani hata ungeweka shuu mpya na kebo mpya, baada ya muda handbreki ingeng'ang'ania tena. Kausugua kwa msasa mpaka ukawa unacheza kwa kidole, kapaka grisi ya joto kali tone tu. Grisi hiyo hiyo kaigusa kwenye zile sehemu za bamba ambapo shuu inateleza, kidogo sana kwa ncha ya bisibisi, na mikono kaifuta kabla ya kushika vitambaa vipya. Grisi ikigusa kitambaa breki inateleza, nadhani hilo mnalijua. Ndani ya dramu kapitisha msasa kuondoa ukoko wa kutu, kaangalia na kipimo cha mwisho kilichochongwa kwenye dramu yenyewe, bado ina nyama.

Af kuna mpangilio wa kurekebisha ambao mi nilikuwa sijawahi kuuona ukifanyika hivi, gereji nyingi wanakimbilia nati ya kebo iliyo chini ya mkono wa handbreki wanakaza hiyo wanakurudishia gari. Huyu alianza na shuu zenyewe, akazungusha nyota ya adjasta mpaka dramu ikiingia inagusa kidogo tu kwa sauti nyembamba, akafunga, akakanyaga pedali ya breki mara kadhaa zijikalie, akazungusha tena tairi kwa mkono, na mwisho kabisa ndo akaenda kwenye nati ya kebo. Sababu ni kwamba ukikaza kebo kwanza unaficha pengo la shuu, mkono unaonekana uko vizuri kwa wiki mbili tatu, au unaikaza kupita kiasi shuu zinabaki zinagusa muda wote, gari inakuwa nzito, mafuta yanaisha na dramu inachemka. Sasa hivi inashika kwenye klik ya sita au ya saba, na ukiachia tairi zote mbili zinazunguka huru.

Taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi ilibaki inawaka hata handbreki ikiwa chini, shangazi akaanza kuguna. Kumbe ile taa ni ya vitu viwili, handbreki na mafuta ya breki yakipungua. Mafuta yalikuwa chini ya alama ya MIN, kaongeza DOT 3 ikazima. Hapo fundi mwingine angekuuzia swichi.

Bili sasa: kuja nyumbani 15,000, ufundi 40,000, shuu 45,000, vispringi 10,000, mafuta ya breki 8,000. Jumla 118,000. Nikalipa kwa simu, risiti nikaomba, akasema atatuma, nikaomba tena ikaja ya kuandikwa kwa mkono imepigwa picha, ina kidole cha grisi pembeni. Na kiti cha dereva kiliachwa na alama ya mkono wake, wawe wanaweka gazeti jamani, gari ya shangazi wa watu ile.

Ushauri aliotupa wa gari inayokaa karibu na bahari: kama unaiacha muda mrefu sehemu tambarare weka P, weka jiwe au kabari ya mbao kwenye tairi, handbreki usivute. Ukitoka kuosha gari au kupita kwenye madimbwi kanyaga breki kidogo kidogo unapokaribia nyumbani zijikaushe kabla hujapaki. Na ambaye yupo mjini ila gari haitumiki, aisogeze hata hapo hapo uani kila siku chache. Shangazi swala la jiwe kalikataa, anasema majirani watadhani gari bovu. Tumekubaliana kabari ya mbao, kaipaka rangi.

Wenye magari mengine kabla hamjapiga simu: Subaru na baadhi ya Toyota kubwa zenye diski nyuma handbreki yake mara nyingi ni vishuu vidogo ndani ya diski, hizo wanafanya na kwa njia hiyo hiyo. Zile ambazo kebo inavuta mkono uliopo kwenye kalipa (kile kifaa kinachobana diski) yenyewe pia wanafanya, ila muulize kama ana kifaa cha kuzungusha pistoni, maana nyingi ya hizo haziingii kwa kubanwa tu, lazima zizungushwe huku zinasukumwa, na nishaona mtu akiibana kwa klampu mpaka kalipa ikafa. Magari ya handbreki ya kitufe wanakataa wenyewe, kuna jamaa alikuja na lake mi nikiwepo wakamwambia hii inataka mashine ya kompyuta irudishe mota nyuma kwanza, nenda sehemu yenye mashine. Hawakumgusa gari wala hawakumtoza.

Na kama gari yako ndo imeganda sasa hivi na mtu anataka kuivuta kwa brekdauni ya kunyanyua mbele, kataa, kwa gari inayovutwa na tairi za mbele kama IST, za nyuma zinabaki chini, utaburuza tairi zilizofunga njia nzima. Iwekwe juu ya flati bodi, au umuite fundi aje hapo hapo ilipo, ni rahisi zaidi.

Kwa hiyo nyota nne kutoka kwangu. Piga simu siku moja kabla, akikwambia saa tatu wewe panga saa sita, Jumamosi wanajaa daladala hawakusikilizi, na baada ya mwezi hivi mrudishie akaze tena adjasta maana shuu mpya zinajikalia, hiyo kwetu hakutoza.